Zuhura, kozi usiiache

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi, za kwako, za watoto na za Mama. Sisi huku London wazima, baridi tu ndiyo inayotutoa machozi. Najua nimekaa kimya tangu Mfungo Sita. Unisamehe, zamu za usiku zimenimaliza. Lakini ujumbe wako wa juzi umeninyima usingizi hata siku yangu ya mapumziko. Eti unaacha kozi ya unasihi kwa sababu daktari mmoja amekwambia mbele za watu kuwa mwalimu wa shule ya msingi hana haki ya kugusa akili ya mtu?

Kaa kitako nikuhadithie.

Jumapili nilikwenda Maresfield Gardens, nyumba aliyoishi Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyeanzisha uchanganuzi nafsi, yaani kutibu akili kwa kuzungumza na mgonjwa, baada ya kuwakimbia Wanazi mwaka 1938, na ndimo alimofia mwaka uliofuata. Watu walisongamana chini kwenye kochi lake lile la kulazia wagonjwa, lililofunikwa zulia la Kiajemi. Mimi nikapanda ghorofani, chumba cha bintiye Anna. Kuna mtambo wake wa kufumia, wa mbao, mkubwa. Nilisimama pale nikakukumbuka wewe na mikeka yako. Anna hakuwa daktari, Zuhura. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi! Na ndiye aliyefungua malezi ya watoto wa vita kule Hampstead mwaka 1941.

Wala si yeye peke yake. Chama cha wachanganuzi nafsi hapa London kilianzishwa na Ernest Jones mwaka 1913, akakivunja, akakiunda upya 1919. Jones alikuwa daktari, lakini tazama aliokuwa nao: Joan Riviere alikuwa amejifunza ushonaji, chuo kikuu hakukanyaga. Ella Sharpe alikuwa mwalimu. Melanie Klein alihamia London mwaka 1926 bila shahada yoyote, na leo kuna wachanganuzi wanaojiita kwa jina lake. Yeye na Anna walikuja kupingana vikali wakati wa vita, mabomu yanaanguka mjini na wao wanabishana kuhusu mtoto mchanga anawaza nini. Hiyo nitakusimulia siku nyingine, ndefu.

Madaktari nao walihoji. Chama cha madaktari wa Uingereza kiliunda kamati mwaka 1927. Ilipotoa ripoti 1929 haikuamua kama tiba ile inafaa au haifai, ila ilikubali kuwa jina la uchanganuzi nafsi ni la wale wanaofuata njia ya Freud. Kufikia hapo wachanganuzi wenyewe walishakuwa na taasisi tangu 1924 na kliniki tangu 1926. Na mafunzo yao hayakuwa ya mchezo: kwanza mwanafunzi analala yeye kwenye kochi, anachanganuliwa miaka, anahudhuria masomo, kisha anapokea wagonjwa huku mkubwa anamsimamia. Ndipo ninapokutaka uangalie, shoga. Swali si una cheti cha udaktari. Swali ni nani anakusimamia.

Marekani walichukua njia ya yule daktari wako. Wasio madaktari wakafungiwa mlango, mpaka wanasaikolojia walipokwenda mahakamani mwaka 1985. Na Freud mwenyewe alishaandika kuwapinga wenye fikra hiyo tangu 1926, rafiki yake Theodor Reik aliposhtakiwa Vienna kwa kutibu bila kuwa daktari. Miaka yote hiyo!

Lakini haki itendeke: jambo moja yule daktari analo. Mtu anaweza kuja analia usiku kucha kumbe tezi ndiyo mbovu. Hapa Uingereza mgonjwa alitakiwa aonwe na daktari kwanza. Nawe fanya hivyo, mtafute tabibu wa kituo cha afya muelewane. Si kuacha kozi.

Haya niambie: ada ya muhula huu umelipa, au nitume kidogo mwisho wa mwezi? Mkufunzi wenu anakaa nawe ukishamaliza kuongea na mtu, au anasahihisha makaratasi tu? Bi Mwanasha anasemaje, yeye si alikuunga mkono tangu mwanzo? Na yule mtoto wa darasa la nne uliyeniandikia habari zake, aliyekuwa hasemi, ameanza kusema? Ijumaa sina zamu, nipigie baada ya Isha ya huko.

Wako daima,
Rukia