Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBS: kagueni na eabegi

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania, salaam na pole na majukumu.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar na kuna jambo linanikosesha amani kabisa. Juzi kaja mama mmoja honi yake hailii, nafungua kava la stelingi nakuta eabegi, ule mfuko unaojaa upepo wakati wa ajali kumkinga dereva, hamna! Kuna sponji tu na rezista, kikifaa kidogo cha kuzuia umeme, imefungwa kwa tepu nyeusi kwenye waya ili kompyuta ya gari iamini eabegi ipo, taa ya dashibodi inawaka na kuzima kama kawaida. Huyo mama anapeleka watoto shule kila siku na anaamini analindwa maana pale kwenye stelingi pameandikwa SRS, yaani alama ya kwamba gari ina eabegi.

Mkuu, gari ikigongana uso kwa uso vitu vinafanya kazi kwa pamoja, pua inajikunja makusudi ili nguvu iishie kwenye vyuma isifike kwa watu, mkanda unamkaza mtu kwenye siti, eabegi inajaa ndani ya kama milisekunde 30 halafu hapo hapo inaanza kutoa upepo ili kichwa kisirudishwe kwa nguvu. Mainjinia walivipima vyote vikiwepo, ukitoa kimoja hesabu yao imeharibika.

Halafu kuna hizi eabegi za Takata, kampuni ya Japani. Baruti yake ya kuijaza upepo ni amoniamu naitreti, ikikaa miaka kwenye joto na unyevu inaharibika, siku ya ajali inalipuka kupita kiasi inapasua kopo lake la chuma na vipande vinamwingia dereva usoni na shingoni, watu wamekufa kwa ajali ambazo wangetoka wazima. Marekani kwenye kuzibadilisha walitanguliza majimbo yenye joto na unyevu kama Florida, sasa mkuu sisi wa Dar na Tanga na Zanzibar tuko salama kwa lipi? Na zimo kwenye Toyota, Honda, Nissan, Mazda, ndo gari tunazoagiza. Japani wenyewe tangu 2018 gari yenye eabegi ya kundi la hatari zaidi isipobadilishwa haipiti ukaguzi wao.

Ombi langu, kila gari iliyotumika ikikaguliwa namba ya chesisi iingizwe kwenye tovuti ya kiwanda kuona kama kuna rikoli, yaani kiwanda kuita gari kurekebisha kasoro, haijafanyika, ni dakika chache tu. Na gari ambayo pua yake inaonyesha iligongwa ikanyooshwa msiridhike na taa ya dashibodi, taa inadanganywa kirahisi sana, betri itolewe, wasubiri dakika kadhaa, kava lifunguliwe na mtu anayejua kazi aone kwa macho. Hizo kava tupu zinazouzwa kama eabegi nazo zipigwe marufuku, na gari ambazo tayari ziko barabarani wenye nazo watangaziwe pa kwenda kukaguliwa, mafundi wengi tuko tayari kusaidia mkituita.