Usiseme ni uzee

Maji ya Chai, Arusha

Mpendwa Baba Neema,

Salamu kutoka huku baridini. Sisi wazima, mahindi yamesimama vizuri. Nakuandikia kwa sababu ya ile kauli yako kwenye simu, kwamba fizi zinatoa damu ukipiga mswaki, halafu ukacheka ukasema ni uzee.

Mimi jino la kwanza lilinitoka kwenye send-off ya binti wa dada yangu, nikitafuna ndafu. Halikuvunjika. Lilitoka zima na mzizi wake, wala halikuuma. Nikalifunga kwenye tishu, nikaendelea kupiga makofi.

Nikasema ni maji. Si unajua meno yetu ya kahawia sisi wa huku? Floraidi imetuchora tangu utotoni, basi kila ubaya wa kinywa tunausukumia huko. Daktari wa meno akakataa: floraidi inaharibu sura ya jino, lakini jino kulegea ni habari ya fizi na mfupa unaolishika. Kisha akaniuliza nakojoa mara ngapi usiku! Mara nne, tano. Nikatobolewa kidole nikiwa na njaa yangu ya asubuhi, kupima sukari: 16. Kumbe hata 7 kabla ya kula tayari ni kisukari.

Sukari ikizidi, mwili unashindwa kupambana na vijidudu. Fizi zinavimba, mfupa unalika taratibu, jino linabaki kama nguzo ya uzio iliyomomonyokewa na udongo. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba ugonjwa wa fizi nao unapandisha sukari. Yaani vinasaidiana kukumaliza.

Yametoka matatu. Mengine mawili yaliyokuwa yakicheza yametulia kidogo tangu niondolewe ugaga chini ya fizi na kuanza vidonge. Mtori ndio rafiki yangu siku hizi, ingawa nao Mama Eli ananipimia bakuli.

Na wewe una presha. Zipo dawa za presha zinazokausha mate, na nyingine, kama amlodipini, zinaweza kuvimbisha fizi. Usije ukaziacha kwa sababu yangu! Zibebe na pakiti zake, daktari azione.

Kesho usinywe chai kwanza, kapime. Ukipata namba nipigie, hata usiku. Siku hizi niko macho.

Wako,
Baba Eli