Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Waamuzi

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Nimeshika kibendera miaka tisa. Kelele za mashabiki nilishazizoea. Ukimya wa kamati yako ndio ulionishinda. Refa aliyekosea kwa bahati mbaya na aliyekula mlungula, wote mnasema “wamepumzishwa”, bila maelezo. Mtu wa jukwaani afanye nini, kama si kututia sote kapu moja?

Tarehe 12 Novemba 2016, Afrika Kusini ikicheza na Senegal kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia, mwamuzi Joseph Lamptey wa Ghana alitoa penalti ya kunawa mpira ilhali mpira ulimgonga Kalidou Koulibaly gotini. Afrika Kusini ikashinda 2-1. Machi 2017 FIFA ilimfungia maisha kwa kushawishi matokeo kinyume cha kanuni. Mechi ikarudiwa Novemba mwaka huo, Senegal ikashinda 2-0.

Sasa mtazame Jim Joyce, mwamuzi wa besiboli wa Marekani. Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo. Alibakiza mmoja tu aandike mchezo usio na doa, yaani kuwatoa wapigaji wote 27 bila hata mmoja kufika kituoni, jambo ambalo warushaji wengi hustaafu bila kulionja. Huyo wa mwisho naye alikuwa ametoka, lakini Joyce akaamua amefika kituoni salama. Mchezo ulipokwisha alitazama marudio, akakiri mbele ya waandishi kwamba amekosea, akamwomba radhi Galarraga ana kwa ana. Uamuzi haukubadilishwa. Kesho yake Joyce alirudi kazini, na aliyemkabidhi karatasi ya kikosi alikuwa Galarraga mwenyewe. Joyce alifuta machozi mbele ya uwanja mzima.

Papo hapo, kwa macho ya shabiki, makosa hayo mawili ni ndugu. Kamera itakuonyesha goti, na VAR, yaani waamuzi wa video, itarekebisha uamuzi, lakini hakuna chombo kinachoonyesha aliyempigia refa simu usiku wa kuamkia mechi. Mlango huo anaufunga refa mwenyewe, akiwa peke yake. Ndiyo maana naumia kuona tunapimwa mbio na kutahiniwa sheria za mchezo kila msimu, ila dhamira zetu haziulizwi na mtu.

Mimi nilifuatwa hotelini. Mgeni wangu hakutaja pesa. Aliuliza tu watoto wangu wanasoma wapi na ada inalipwaje. Nilimtoa nje, nikaandika ripoti usiku uleule, nikamkabidhi kamisaa wa mchezo. Msimu uliofuata sikupangiwa hata mechi moja, wala sikuambiwa sababu. Kijana mmoja anayeanza kazi hii aliniuliza, “Kaka, sasa ulifaidika nini?” Nilishindwa kumjibu, na mpaka leo swali lake linaniamsha usiku.

Mheshimiwa, anayekosea aruhusiwe kusema “nimekosea” bila kupoteza kazi. Mnapomwadhibu mtu, tangazeni kosa lake. Posho zilipwe kwa wakati, maana anayekuja na bahasha hujua vizuri nani anadai miezi mitatu. Na anayeripoti alindwe, tena apangiwe mechi kubwa, ili yule kijana aone.

Ripoti yangu bado imo kwenye majalada yenu. Naomba isomwe.

Wako katika mchezo,
Mwamuzi msaidizi