Salamu za Krismasi kutoka Washington, hasa kwa ndugu wa Dodoma

Wazazi wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliotawanyika kila pembe: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo. Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya.

Huku baridi imeshika. Miti ya bonde la Rock Creek imebaki mifupa mitupu, na humo bondeni ndimo ilimo Bustani ya Wanyama ya Taifa, chini ya Smithsonian, taasisi ya makumbusho na utafiti. Salamu zangu za mwaka huu nazipitisha hapo, maana historia yake inafika hadi kwetu.

Mwaka 1926 mkurugenzi wake, William Mann, alisafiri hadi Tanganyika kwa fedha za Walter Chrysler, tajiri wa magari, akaweka makao ya msafara wake Dodoma. Wanyama wa nyika zetu, twiga wakiwemo, wakashushwa hadi pwani, wakapakiwa melini, wakavuka bahari kuja kukutana na theluji. Wamarekani humtaja Mann na Chrysler. Mimi sikukuu hii nawakumbuka wenyeji walioajiriwa katika msafara ule, ambao bila wao mgeni asingejua hata mnyama anapita njia gani. Huenda yupo babu wa mmoja wenu kati yao. Waulizeni wazee mkikaa pamoja.

Bustani yenyewe ilizaliwa kwa uchungu. Mwaka 1886 William Hornaday, mtaalamu wa kukausha wanyama kwa ajili ya makumbusho, alikwenda Montana kutafuta baisani, nyati wa Amerika, akakuta mamilioni ya zamani yamekwisha kwa bunduki. Alirudi akiwa mtu mwingine. Baisani hai wakafugwa nyuma ya jengo la Smithsonian, watu wakamiminika kuwatazama, na mwaka 1889 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuanzisha bustani. Mwaka 2014, ilipotimiza miaka 125, baisani walirejeshwa humo.

Wengi huenda kuona panda, wale dubu weusi kwa weupe wa China, na siwalaumu. Panda wa zamani waliondoka kurudi China Novemba 2023, na wapya, Bao Li na Qing Bao, wakaanza kuonekana na umma Januari 2025. Lakini kinachonipa furaha zaidi ni wanyama wanaotoka, siyo wanaoingia. Tangu 1984 tumbili wadogo wa rangi ya dhahabu waliozaliwa kwenye bustani za wanyama, hii ikiwa mstari wa mbele, wamerudishwa katika misitu ya Brazil. Huko Chad, choroa wenye pembe zilizopinda, waliokuwa wametoweka kabisa porini, wanakanyaga tena mchanga wa Saheli tangu 2016, na wataalamu wa Smithsonian wanawafuatilia. Bustani iliyokuja kwetu kuchukua imejifunza kurudisha, na sisi tulioondoka nyumbani habari hiyo inatugusa kwa ndani.

Mlioko Maryland na Virginia, tarehe 25 milango hufungwa, kwa hiyo wapelekeni watoto siku nyingine. Kiingilio ni bure. Waonyesheni baisani kabla ya panda, na mkifika kwa duma waambieni kwa Kiswahili jina lake na nchi aliko jamaa yake.

Nyumbani, chinjeni kuku, pikeni pilau, tuombeeni. Tunawapenda. Heri ya sikukuu!