Mita moja na nusu iandikwe kwenye sheria

Ndugu Mhariri,

Kila inapozungumzwa habari ya usalama wa waendesha baiskeli Dar es Salaam, jibu huwa ni lile lile: elimu itolewe. Elimu ni njema. Lakini kinachokosekana barabarani ni kipimo, yaani dereva amwachie mwendesha baiskeli mita 1.5 anapompita, ambacho trafiki anaweza kukitumia kumwandikia dereva kosa kabla mtu hajaanguka, na ndicho ninachoomba gazeti lako litusaidie kukidai.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inakataza kuendesha kwa uzembe na kwa hatari. Inaweka pia ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Ukomo huu unasimamiwa kwa sababu una namba: trafiki anapiga tochi ya kupima mwendo, inasoma 63, faini ya shilingi 30,000 inaandikwa, mabishano yameisha. Sasa daladala inayompita muuza maziwa ikimwachia kiganja kimoja tu, trafiki ataisoma kwa kipimo gani? Dereva atasema, "Mbona sijamgusa?" Na kweli hajamgusa.

Tupime wenyewe. Chukua njia ya gari yenye upana wa mita 3.25. Mwendesha baiskeli anahitaji walau nusu mita kutoka ukingoni, maana huko ndiko kwenye mchanga, vifuniko vya mitaro vilivyozama na lami iliyomeguka. Usukani wake una sentimita 60. Hapo mita 1.1 zimekwisha, zimebaki 2.15. Coaster ina upana wa mita 2 na ushee bila kuhesabu vioo. Basi kubwa lina mita 2.5. Kwa hiyo basi haliwezi kumpita mtu huyo ndani ya njia ile ile, na Coaster ikijipenyeza, kioo chake kinapita usawa wa kichwa au bega. Hapo bado hatujaweka kreti za mkate au madumu kwenye kariya, mzigo ambao huipanua baiskeli hadi karibu mita nzima.

Halafu kuna upepo. Gari kubwa likipita kwa kasi, kwanza upepo wake humsukuma mtu nje, kisha likishapita humvuta ndani kuelekea lami. Mwenye mzigo wa kilo 60 nyuma ana gurudumu la mbele jepesi, usukani unamyumba, na kuurudisha kunamchukua muda. Gari la pili linalolifuata la kwanza kwa karibu ndilo linalomkuta akiwa bado anayumba. Ndiyo maana mita 1 na nusu si anasa.

Wenzetu wameshaandika namba. Ujerumani tangu mwaka 2020 ni mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje. Afrika Kusini, jimbo la Western Cape liliweka mita 1 mwaka 2013. Na usimamizi wake hauhitaji mitambo ya fedha nyingi. Polisi wa West Midlands, Uingereza, walianza mwaka 2016 na askari aliyevaa kiraia, juu ya baiskeli, akiwa na kamera. Dereva akimpita karibu mno, askari huyo anatoa taarifa kwa redio, na mwenzake aliyevaa sare anamsimamisha dereva mbele. Pale kando ya barabara hutandikwa turubai lililochorwa gari na baiskeli kwa vipimo halisi. Asiye na rekodi mbaya hupewa somo la dakika chache juu ya turubai hilo. Mkaidi hupelekwa mahakamani. Askari wawili, baiskeli moja, turubai moja: kikosi chetu kinaweza kufanya hivyo Barabara ya Mandela au Kilwa hata wiki ijayo, kwa kutumia kosa la uzembe lililopo, wakati namba inasubiri kupitishwa Bungeni. Saa ziwe zile ambazo baiskeli za mizigo ziko barabarani, yaani saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi.

Njia ya baiskeli iliyojengwa sambamba na mwendokasi Barabara ya Morogoro ni jambo la kushukuru, ila imegeuka maegesho, meza za biashara na njia ya mkato ya bodaboda. Nguzo za zege zikipandwa mwanzoni mwa njia kwa kuachiana mita 1.5 zinazuia gari, hazizuii pikipiki. Kwa hiyo TANROADS wakimaliza kazi ya nguzo, pikipiki zinabaki kuwa kazi ya trafiki. Faini ya bodaboda ilishushwa hadi shilingi 10,000 mwaka 2021, na kiasi hicho kinatosha kabisa iwapo kitatozwa kila siku. Kinachoharibu ni kutozwa mara moja kwa mwezi.

Madereva wa daladala na malori nao wasisahaulike. Kosa linaloumiza sana karibu na vituo ni daladala kumpita mwendesha baiskeli kisha kukata kushoto papo hapo kuingia kituoni. Kwa tipa na semitrela, magurudumu ya nyuma hupita ndani zaidi ya yale ya mbele linapokata kona, na dereva haoni ubavu wake wa kushoto. Kinga za chuma za ubavuni ziwe sharti la ukaguzi. Na dereva aliyeegesha afungue mlango wake wa kulia kwa mkono wa kushoto: mwili utageuka wenyewe, na macho yataona nyuma.

Upande wetu waendesha baiskeli tunao wajibu. Kuendesha kinyume na magari ni kosa na kunaua, hasa kwenye michepuko, kwa sababu dereva anayetoka mtaani anaangalia kulia tu. Baiskeli isiyo na taa mbele na kiakisi mwanga chekundu nyuma isitoke baada ya saa 12 jioni. Mipira ya breki ikilainika kama sabuni, ibadilishwe. Kwenye mteremko wenye mchanga, breki moja haitoshi.

Mwisho, jambo ambalo waendesha baiskeli wengi hawalijui. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa kila gari, na mwendesha baiskeli aliyegongwa ni huyo mtu wa tatu. Piga picha namba ya gari kabla halijasogezwa, na chukua namba za simu za mashahidi wawili. Ripoti kituo cha polisi upate PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Ukiwa mahututi, matibabu yatangulie na ndugu ashughulikie fomu. Kisha hakiki bima ya gari kwa namba yake ya usajili kwenye TIRAMIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima (TIRA). Usikubali elfu 20 ya "tuyamalize hapa hapa" kabla daktari hajakuangalia kichwa na mbavu.

Msomaji wako,
Manzese, Dar es Salaam