Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya: Mahakama ya Kale ya Mombasa isimulie habari zake

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Salamu kutoka Mvita. Nakuandikia kuhusu Mahakama ya Kale, jengo linaloelekeana na Fort Jesus, ile ngome kongwe ya Wareno. Kwanza shukrani: majaji walipohama, taasisi yako ililichukua likawa mahali pa sanaa na utafiti wa Kiswahili. Lingeweza kubomolewa kama mengine ya rika lake.

Ombi langu ni kwamba historia ya mahakama yenyewe ipewe ukumbi wa kudumu humo ndani. Wageni wakitoka Ngomeni hunywa madafu pale nje, halafu wakaingia Ndia Kuu, barabara ya Mji wa Kale. Wamesikia habari za Wareno walioanza kuijenga Ngome 1593 na merikebu yao iliyozama 1697. Za watu wa juzi, babu zetu, wanazipita ubavuni.

Jengo hilo ni la 1902. Wakati huo ukanda wa Pwani, kwa karatasi, bado ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Waingereza walikuwa wameukodi kwa mkataba wa 1895, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome hadi 1963. Hapa palikuwa na kadhi, palikuwa na liwali, yaani gavana wa Sultani, na palikuwa na hakimu wa Kizungu. Mwenye kesi ya mirathi alijua aende kwa nani. Aliyefikishwa mbele ya Mzungu alisimama kizimbani akasema kwa lugha yake, na maneno yake yakapitia kinywani mwa mkalimani. Namfikiria sana mkalimani huyo. Neno moja likipotoka, mtu amefungwa.

Na jela haikuwa mbali. Fort Jesus ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Kwa zaidi ya nusu karne mahakama na gereza vilitazamana, hatua chache tu katikati. Sijui mji mwingine wa Kenya ambako mtoto wa shule anaweza kuonyeshwa mambo hayo mawili kwa kugeuza shingo tu.

Kisha kuna ardhi. Sheria ya 1908 ya hatimiliki ilimtaka kila mwenye dai Pwani alete ushahidi wake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa mali ya Taji la Uingereza. Wamijikenda wengi, waliorithi kwa ukoo bila cheti, wakaachwa nje. Wajukuu wao ndio leo wanaitwa maskwota, yaani wakaaji wasio na hati, kwenye makaburi ya wazee wao. Wanastahili kusomewa jambo hilo waziwazi, ukutani, kwa Kiswahili kwanza.

Uzoefu mnao. Ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa kule Nairobi, ya 1913, mmeigeuza jumba la sanaa lenye mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, na watu wanaingia. Katiba ya 2010 imewapa kaunti jukumu la makavazi na maktaba, kwa hiyo Kaunti ya Mombasa nayo ikalishwe meza moja nanyi, ichangie.

La haraka kuliko yote ni sauti. Wapo makarani, wakalimani na mawakili wastaafu waliofanya kazi kwenye jengo lile, na umri umekwenda. Tafadhali tumeni watu wenye vinasa sauti mwaka huu huu, kabla ya kununua hata kabati moja la vioo.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Mji wa Kale, Mombasa