Barua kwa kina mama wa mwaloni mliochoka kuomba

Wanangu na wadogo zangu wa mwalo, pale mitumbwi ya dagaa inapofikia kando ya Ziwa Tanganyika, wa Kibirizi, wa Katonga na wa Ujiji,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia kwa sababu wengi wenu hamji tena kwenye maombi yetu ya Alhamisi, na sikuja kuwagombeza. Nimewatembelea baadhi yenu, na mliyoniambia huku mkigeuza dagaa juu ya kichanja ni mazito kuliko yote mnayosema mkisimama kanisani kutoa ushuhuda. Mmoja aliniambia kila akipiga magoti anaona kama anaongea na bati la nyumba yake. Mwingine aliniuliza, kwa sauti ya chini ili mama mkwe wake asisikie, kama mtu anaweza kuendelea kuitwa Mkristo wakati haamini hata nusu ya anayoyaimba. Siku ile nilimjibu "ndiyo" tu, kwa kuwa wateja walikuwa wamesimama. Swali lake lilistahili jibu refu zaidi, na najua si lake peke yake.

Nianze na ninachokiona. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia ameacha kuomba kwa sababu ya hoja aliyoisikia mahali. Mmechoka. Mnaamka alfajiri ya giza kuwahi mitumbwi inayorudi, mnagombania beseni, mnaanika. Mvua ikiwakuta dagaa bado wako mchangani, mtaji umeoza. Mume yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, au hajulikani yuko wapi. Mtoto ana homa, na mwingine amerudishwa nyumbani akalete mchango. Rejesho la mkopo wa kikundi linasubiri, na wapo kati yenu walioingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile ambayo riba inakula kabla watoto hawajala. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, kusudi lilikuwa jema na sina neno juu yake, lakini marejesho hayakufungwa. Mliokopa kununua unga miezi ile mnajua mlikopia wapi.

Mtu aliyebeba hayo akifika kanisani Jumapili asisikie kitu moyoni, anadhani imani yake imekufa. Nawaomba msiharakishe kuizika.

Someni tena habari za Eliya katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Nabii aliyekuwa ameshusha moto pale Karmeli anakimbia, anaketi chini ya mti jangwani na kumwomba Mungu amtoe roho, yatosha. Ukisikia leo mwanamke wa mwaloni anasema maneno kama hayo, kuna atakayemwambia afunge siku tatu. Mungu hakumwambia Eliya afunge. Alimwacha alale, kisha malaika akamgusa na kumpa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Akalala tena, akalishwa tena. Hakuna swali aliloulizwa mpaka alipokwisha kula na kulala. Nilikuwa mkunga miaka mingi kabla ya kustaafu, na sura ile huwa naisoma kama mtu wa wodini: aliyeiandika alijua mwili ukiisha nguvu na roho huona giza. Kwa hiyo usikate shauri juu ya Mungu saa nane za usiku, ukiwa na njaa na deni kichwani. Shauri hilo liache. Lala kwanza, kama kuna wa kukushikia mtoto. Kama hakuna, niambie.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya wahubiri hawatalipenda. Kuna wanaozunguka mitaani kwetu wakiwaambia kwamba mkiwa na imani ya kutosha dagaa hawataoza, mume atarudi na mtoto atapona. Visipotokea, kosa ni lenu, nunueni mafuta ya upako, leteni sadaka nyingine. Nimekaa na mama aliyezika mtoto wake, akaambiwa siku ya tatu kwamba aliomba huku akiwa na shaka. Maneno yale ni uovu, na sioni aibu kuyaita hivyo. Baba wa yule kijana mwenye pepo katika Marko 9 alimwambia Yesu kwa machozi, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Hakurudishwa nyumbani akaongeze imani kwanza. Mtoto alipona siku hiyohiyo, na baba alikuwa na vyote viwili mdomoni, imani na kutokuamini, katika sentensi moja.

Tena imani haikufikishwa kando ya ziwa hili na watu wenye maisha mepesi. Mkifuata ziwa kuelekea kusini mtafika Karema. Hapo mwaka 1889 alifika Adrian Atiman. Alitekwa utumwani akiwa mtoto mdogo huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari wa Kikatoliki, akasomeshwa utabibu Malta. Akatibu watu na kufundisha dini pale Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Mimi ni Mwanglikana, lakini habari zake nilizipenda tangu ujana wangu. Mtoto aliyeibwa kwa wazazi wake alikuwa na haki ya kumwuliza Mungu maswali makubwa kuliko yangu, na sijui aliyauliza vipi; ninachojua ni kwamba zaidi ya miaka 60 aliamka asubuhi akaenda kwa wagonjwa. Mkiambiwa kwamba mateso ni dalili ya Mungu kuwaacha, mkumbukeni mtu huyo wa ziwa letu.

Yule aliyeniuliza swali, nakujibu sasa kwa kirefu. Mathayo anaandika kwamba wanafunzi walipomwona Yesu mlimani baada ya kufufuka, "walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka." Walikuwa wamemwona kwa macho! Na Yesu hakuwatenga wenye shaka upande mmoja. Agizo la kwenda kwa mataifa yote aliwapa wote kwa pamoja. Fungua pia Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa, lakini hiyo inaanza kwa kulia na inaishia gizani, hakuna mstari wa kuifungia vizuri. Walioikusanya Biblia wangeweza kuiacha. Waliiweka humo ili siku ambayo huna sifa yoyote ya kumpa Mungu uwe na maneno ya kumwambia, nayo pia ni Neno lake. Isome kwa sauti, hata kwa hasira. Mwenye kumlalamikia Mungu bado anaongea naye.

Na kama unadhani mambo haya ni ya wauza dagaa tu, Mama Teresa wa Kolkata alifariki mwaka 1997, na miaka 10 baadaye barua zake za siri zikachapishwa. Dunia ikashangaa kusoma kwamba kwa miongo mingi, huku akiokota wanaokufa barabarani, ndani yake alisikia giza na ukimya wa Mungu. Aliendelea kuomba bila kusikia kitu. Sikuzisoma habari zile kwa huzuni. Zilinipa pumzi, maana nami nimewahi kukaa humo.

Mume wangu alichukuliwa na ziwa. Upepo wa kusi wa kiangazi uligeuza mtumbwi wao usiku, na wengine mnaijua habari hiyo kwa kusimuliwa na mama zenu. Baada ya matanga sikuweza kuomba. Nikifungua kinywa, hakuna neno. Likija, ni la hasira. Kina mama wa wakati ule, ambao wengi sasa wametangulia, walikuja kila jioni na mihogo yao na mkaa wao. Hawakuniambia kwamba Mungu ana makusudi yake. Walipika, wakaogesha watoto, kisha wakaimba na kuomba wao wenyewe, mimi nikiwa nimelala nimegeukia ukutani. Bibi mmoja, Muha wa Kasulu, alinishika mguu, maana uso nilikuwa nimeuficha, akasema, "Wewe nyamaza tu. Tutaamini sisi kwa ajili yako mpaka utakaporudi." Sikurudi kwa siku moja, wala sikuona maono. Niliendelea kwenda kanisani kwa kuwa walikuwa wakinipitia, na ikafika jioni nikajikuta nafuatisha ubeti.

Miaka ilipita ndipo nikaona kwamba bibi yule hakuyatunga maneno yale hewani. Katika Marko 2 watu wanne wanambeba aliyepooza, wanatoboa dari na kumshusha mbele ya Yesu. Maandiko yanasema, "Naye Yesu, alipoiona imani yao." Imani yao. Aliyelala kitandani hatuambiwi aliamini nini. Labda alikuwa amekata tamaa zamani, labda aliwaambia wenzake wamwache. Akasamehewa na akatembea, kwa imani ya waliomshika pembe nne za godoro.

Hili ndilo ninalotaka mlishike, hata mengine mkiyasahau. Mmefundishwa kwamba imani ni mzigo ambao kila mtu anajitwika mwenyewe kichwani kama ndoo, na ikianguka ni aibu yako. Hapana. Imani imewekwa kwa kanisa zima, na yapo majira ambayo wengine wataishika kwa niaba yako, kama ambavyo wewe umewahi kuishika kwa niaba ya mwenzako bila kujua. Hata Petro, mvuvi, aliambiwa kabla hajakana kwamba ameombewa ili imani yake isitindike. Aliombewa kabla ya kuanguka, kisha akapewa kazi ya kuwaimarisha ndugu zake atakaposimama. Kwa hiyo kosa pekee ninaloliogopa kwenu ni kujificha. Shaka haitawaua. Mwanamke anayebaki peke yake chumbani na shaka yake, na deni lake, na simu ya mdai, huyo ndiye ninayemwogopea.

Mnajua siku za mbalamwezi. Taa haivuti dagaa maana mwanga umejaa juu ya maji yote, kwa hiyo wengi hawashuki ziwani. Mbona sijawahi kumsikia mvuvi wa Kibirizi akisema ziwa limekwisha? Wanakaa mchangani, wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, wanalala. Mwezi ukififia wanarudi, na aliyeshona nyavu yake ndiye anayepata. Majira yenu ya sasa nayaona hivyo. Kushona kwenyewe ni kazi ndogo: Baba Yetu moja kwa siku, hata kama midomo ndiyo inayosema na moyo haupo, kukaa kiti cha nyuma bila kuimba, kupokea Meza ya Bwana ukiwa huna la kusema. Usijipime kila usiku kama umesikia kitu.

Mengine ni ya nyumbani, nayapitia kwa kifupi. Mwenye mkopo wa kausha damu asikope mwingine kuulipa ule; aje na karatasi zake, kwenye kikundi chetu kuna waliowahi kutoka huko na watakaa naye kuhesabu. Usimfiche mumeo kama yupo na ni mtu wa kuambilika. Na wewe ambaye hulali, huli, unalia bila sababu, au umejifungua na huwezi kumtazama mtoto, au mawazo ya kufa yanakujia, huo waweza kuwa ugonjwa, unaitwa sonona, na una matibabu. Usingoje Alhamisi. Nenda hospitali ya mkoa pale Maweni, au nipitie niende nawe leo. Kumeza dawa si kumkana Kristo, kama ambavyo kumeza dawa ya malaria hakujawahi kuwa kumkana.

Kwa ninyi msio na shaka wakati huu, nina neno moja kali. Yuda anaandika katika waraka wake kwamba wenye shaka wahurumiwe. Acheni kuwanong'ona wenzenu kwamba wamepoa. Wapelekeeni unga. Mkifika, msihubiri, osheni vyombo, ombeni kwa kifupi, ondokeni kabla hawajachoka kuwakaribisha. Isaya alisema juu ya mtumishi wa Bwana, "Mwanzi uliopondeka hatauvunja, wala utambi utokao moshi hatauzima." Wapo miongoni mwetu ambao wamebaki na moshi tu, na sitaki mkono wa mtu wa kanisa letu uwe ndio unaouzima.

Alhamisi tunakutana saa kumi jioni kama kawaida, chini ya mwembe kama hakuna mvua. Hatutamwita mtu asimame kutoa ushuhuda. Nimekwisha kuongea na viongozi na wamekubali. Asiyeweza kuomba akae tu. Anayeona aibu kwa nguo yenye harufu ya dagaa aje nayo, maana sisi sote tunanukia hivyohivyo. Na atakayeshindwa kuja amtume mtoto aseme "mama hawezi," halafu sisi tutakuja kwake, na chakula tutakuja nacho.

Ni mimi mama yenu,
Mwanga, Kigoma